Jani Laini Nililompelekea Mama Mkwe

Kuna boma moja Mutuini ambako siitwi kwa jina langu, na makosa ni yangu mwenyewe. Nawasimulia mimi kabla Wanjiru hajawasimulia, maana yeye huongeza chumvi.

Mimi nimezaliwa Mountain View, nikalelewa na choo cha kuvuta maji, mambo ya shamba siyajui. Basi siku moja nikitoka ofisini Hurlingham nikamwona muuza maua kando ya barabara ana mche wenye majani mapana yenye manyoya laini kama sikio la paka, akaniambia ni mmea wa msituni, wa asili ya hapa hapa, ukiutunza unakaa miaka. Nikaununua. Nikauweka kivulini kwenye roshani, nikaunywesha maji ya maganda ya ndizi, na kila asubuhi nikaupangusa vumbi jani kwa jani kwa kitambaa chenye unyevu (viatu vyangu havijawahi kupata heshima hiyo). Miezi minane mizima, hadi ukatoa maua ya zambarau.

Ikafika siku ya kujulishwa kwa mamake Wanjiru, mchumba wangu, na mama akikataa hakuna harusi, hilo niliambiwa wazi. Wanjiru alitangulia kwenda kupika, akaniagiza, "Beba unga, sukari na mafuta. Usijifanye mjanja."

Nikajifanya mjanja. Nikawaza, kila mtu hubeba unga, mimi nitakumbukwaje? Nikabeba mmea.

Sebuleni nikamkuta mama na shangazi watatu, nikasimama nikatoa hotuba ambayo hakuna aliyeiomba. "Mama, huu nimeulea mwenyewe. Hebu shika jani, usikie vile ni laini."

Mama hakushika. "Ulaini wake tunaujua," akasema.

Shangazi mmoja akajifunika uso kwa leso. Wanjiru akaingia na chai, akaona nilichobeba, akarudi jikoni na chai yake. Mtu mwenye akili angeketi hapo, lakini mimi nilidhani wameguswa, nikaendelea, "Tuuweke karibu na TV, wageni wakija wauone."

"Kuja nikuonyeshe mahali pake," akasema mama.

Tukazunguka nyuma ya nyumba hadi kwenye choo cha shimo, na hapo nikaona ua mzima wa mmea wangu, mrefu kunishinda, na matawi ya karibu na mlango hayana jani hata moja.

"Hii ni maigoya. Kabla ya tishu, sisi wote tumelelewa na hii. Sasa kijana, umekuja kuniambia choo yangu inakosa nini?"

Nilitamani kutumbukia kwenye hilo shimo, nikiiona harusi ikinitangulia humo. "Mama, sikujua. Nimeipangusa kila asubuhi, miezi minane."

"Umeipangusa?" Akanitazama, mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akaegemea ukuta wa choo. "Basi pumzika. Sasa ni zamu yake."

Alikubali tuoane. Kama alinipenda au alinihurumia, sijauliza. Mara ya pili nilibeba unga, sukari, mafuta, na ili kufuta aibu nikaongeza pakiti kubwa ya tishu. Mama akaipokea, akaigeuzageuza. "Kwani maigoya yako ilikauka?"

Hadi leo Mutuini naitwa Maigoya, na nimeapa kwamba nikipenda jani lolote tena, nitauliza kwanza kazi yake.