Siku Tuliyokwama Kibanda cha Mlimani

Masika yaliyopita paa letu lilivuja, na mjukuu wangu akalitandaza blanketi zito la sufu karibu na jiko la mkaa ili likauke. Harufu ya sufu mbichi ilipochanganyika na moshi, ilibidi nishuke mkekani nikae. Mjukuu akaniuliza, "Bibi, unaumwa?" Nikamwambia siumwi. Miguu tu ilikuwa imeniishia nguvu, kama ilivyoniishia siku moja milimani nilipokuwa mtoto. Nyie naomba niwasimulie, maana yeye nilimjibu kwa mkato.

Mie ni mtoto wa Temeke ya zamani, Temeke ya balozi wa nyumba kumi na foleni ya sukari kwenye duka la ushirika. Mlima nilikuwa siujui. Kilima kirefu kuliko vyote maishani mwangu kilikuwa lundo la mchanga ambalo jirani yetu aliliagiza ajengee, akakosa saruji, tukalifanya la kuteleza. Baba yangu, Mzaramo, alikuwa kuli bandarini. Mama aliyenizaa alikuwa Mmakonde aliyevuka Ruvuma peke yake akikimbia vita, na alifariki ningali mdogo mno. Kwa upande wake hatukumjua ndugu hata mmoja. Watu wakiniuliza wajomba zangu wako wapi, nilikuwa najibu, "Wako vitani," kama nilivyosikia baba akijibu.

Nilipokuwa darasa la tatu baba alioa tena. Mwajuma alikuwa Mluguru, mwanamke mwenye maneno machache na mashavu ya miguu magumu kama mchi. Mie nilimwita mama mdogo. Hakunipiga wala hakuninyima, lakini mtaani kwetu hilo halikumtosha mtu. Bi Somoe, mpangaji wa chumba cha uani, aliposikia kwamba mama mdogo anakwenda kwao na mie nimfuate, alinivuta kando ya bomba la maji.

"Zaina, mwanangu, kaa macho," akaninong'oneza. "Mama wa kambo hampeleki mtoto wa mwenziwe mbali kwa heri. Huko milimani kuna mizimu inadai watu."

Nilimweleza baba. Akacheka mpaka akakohoa. Siku ya safari akatupakia kwenye gari moshi la Morogoro, akanipa andazi, akageuka haraka kuwahi kazini. Njia nzima nililishika lile andazi bila kulila.

Barabara ya kuzunguka mlima kwenda kwa kina mama mdogo ilikuwa imekatwa na mvua. Akaamua tupite juu kwa juu, kwa njia ambayo zamani wazungu waliichonga wakawa wanapanda kwa kujifurahisha tu, jambo ambalo mpaka leo sijalielewa. Tulipita mashamba ya njegere yaliyosimama wima kama ukuta, tukakutana na akina mama wakishuka na matenga ya ndizi kichwani huku wakipiga soga, mie nikitambaa kwa mikono. Kisha tukaingia msituni. Miti ilikuwa imeota ndevu. Maji yalikuwa yakilia mahali nisipopaona. Ukungu ukateremka ukatumeza, na kwa mara ya kwanza nilijua baridi ni nini. Nilidhani naumwa homa.

Mama mdogo alikuwa akisimama kila baada ya muda, anashika mti, anafumba macho. Nilidhani anazungumza na mizimu. Kwamba alikuwa mjamzito nilikuwa sijui kabisa. Enzi zetu hayo hayakusemwa mbele ya watoto. Watoto walinunuliwa hospitali, basi, na mie nilishawahi kumwomba baba anunue mmoja. Nilimwona mama mdogo amenenepa, nikafikiri ni wali wa mjini.

Mahali njia zinapogawanyika palikuwa na kibanda cha mbao chenye paa la bati na dohani ya mawe. Ndani mlikuwa na vitanda vya mbao vilivyopandana, mablanketi mazito, na moto. Aliyekitunza alikuwa mzee mmoja mchangamfu, Mzee Kobero, mwenye koti la jeshi lililomzidi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" akatupokea. Nikampa shikamoo huku meno yakigongana. Akanifunika blanketi la sufu, bichi kama yote mle maana paa lilivuja, akanisogeza motoni, na ili kunichangamsha akanionyesha mlangoni mawe yaliyopakwa rangi. Ya rangi nyekundu yanakwenda kileleni, akasema, ambako hakuna kitu ila upepo. Ya nyeupe yanateremkia upande wa pili, kwa bibi yako. "Wazungu walikuwa wanafuata mekundu," akasema. "Sie tunafuata meupe. Huko ndiko kuna chakula."

Kisha mama mdogo akamwambia jambo kwa Kiluguru. Nililisikia jina langu katikati ya maneno yale. Mzee akanitazama kwa muda mrefu, akatikisa kichwa taratibu. Nikajua mambo yameiva. Bi Somoe alisema kweli.

Sikupata nafasi ya kulia. Mama mdogo alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa binadamu, akapiga magoti, akashika ukingo wa kitanda. Maji yakatiririka sakafuni. Mzee Kobero akarudi nyuma kama aliyeona nyoka.

"Mwezi ulikuwa bado, babu," mama mdogo akasema akihema. "Bado kabisa. Kamwite mama."

"Na nani atabaki na wewe?"

"Huyu."

Mzee akanitazama tena, akachukua fimbo yake, akatoka. Nilimwona akiyafuata mawe meupe mpaka ukungu ukamfuta. Nikabaki mie, moto, na mwanamke niliyeamini anakufa mbele yangu.

Ndugu zangu, sijui niwaambie nini kuhusu muda ule. Nilisimama ukutani nimeganda. Nilikuwa natetemeka hadi mbao nyuma yangu zikawa zinagonga. Nilitaka kukimbia, lakini nikimbilie wapi? Mama mdogo alikuwa akinguruma, kisha ananyamaza, kisha katika ukimya ule anazungumza na mie kwa sauti ya kawaida kabisa, kama vile tuko jikoni kwetu Temeke.

"Zaina, chemsha maji." Nikachemsha. "Zaina, lete ile khanga mpya, iko chini kabisa ya mzigo." Nikaleta. "Sasa njoo hapa mbele yangu. Usiogope damu. Damu hii si ya kifo."

"Mama mdogo, unaumwa nini?"

Hapo, katikati ya mateso yale, akacheka kidogo. "Siumwi. Ninazaa. Tandaza khanga, ukinge mikono."

Nikakinga mikono nisijue ninakinga nini. Kilichotokea baada ya hapo kilinitoa roho. Nilikiona kichwa. Nilipiga kelele kubwa kuliko yeye. Kisha mara moja mikono yangu ikajaa kitu cha moto, kizito, chenye kuteleza, na nilipokitazama kikawa mtu. Alikuwa na kucha. Hilo ndilo lililonishtua kuliko yote: mtu kamili, mwenye kucha, ametoka ndani ya mtu.

Lakini hakulia. Alikuwa wa rangi ya majivu, amelegea kama kitambaa kilicholowa.

"Halii," nikasema.

Niliuona uso wa mama mdogo ukibadilika. Maumivu yote hayakumtisha, lakini neno langu lile lilimtisha. "Mfute mdomoni kwa kidole," akasema. "Mgeuze. Msugue mgongo. Kwa nguvu, Zaina! Usimwonee huruma!"

Nikamsugua kwa khanga kama ninayesugua sufuria. Nilikuwa nalia, namsugua, namwambia, "Amka wee, amka, tafadhali amka." Mama mdogo alikuwa ameuma khanga ya kichwani na macho yamemtoka. Kuni zilipasuka motoni. Nje mvua ilikuwa inalipiga bati. Kisha kile kiumbe kikajikunja, kikapiga chafya kama paka, kikapasua ukelele.

Mie nikakaa chini. Miguu haikuwepo tena. Mama mdogo akamvuta mtoto tumboni kwake na kitovu chake vilevile, akaniambia nisikate kitu chochote, nitufunike tu sote watatu. Nikatufunika kwa blanketi lile lile linalonuka, nikajibanza ubavuni mwake. Alikuwa ananishika kichwa changu kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine, na aliyekuwa akilia kwa kwikwi, nikagundua, alikuwa yeye.

Bibi alifika na wanawake wengine, matope mpaka magotini. Alikuwa mwanamke mfupi sana. Alikata kitovu, akamaliza kazi zote za uzazi kimya kimya, kisha akauliza, "Nani kampokea mtoto?" Mama mdogo akaninyoshea kidevu. Yule bibi akachukua maji ya vuguvugu akaninawisha mwenyewe, kidole kimoja kimoja, halafu akasema neno la Kiluguru lililowafanya wenziwe wapige vigelegele.

Tulipoteremka kijijini, mama mdogo akiwa amebebwa kwenye machela, wajomba wake waliitwa. Nikapakwa unga wa mtama kwenye paji la uso, nikapewa jina ambalo nilidhani ni la kuchezea, nikalishwa ubwabwa mpaka nikasinzia. Nilirudi Temeke na mdogo wangu wa kike mgongoni. Bi Somoe alinikagua kama anayetafuta kiungo kilichopungua, na nilipomweleza watoto wanatoka wapi akanikaripia kuwa sina adabu.

Miaka ilipita nikafikia kuolewa. Siku wakwe zangu walipokuja kuleta posa, akaingia uani mzee mmoja nisiyemfahamu, ana tenga la njegere. Hakuwa na makuu. Akaketi kati ya wazee wa Kizaramo, akasema, "Mie ndiye mjomba wa binti. Huyu ni wa ukoo wetu, kwa mama yake." Nilikuwa nyuma ya pazia.

Usiku huo sikulala. Asubuhi nilimfuata mama mdogo jikoni nikamwuliza. Ndipo aliponieleza, huku anapepeta mchele. Kwao mtoto hufuata ukoo wa mama, na asiye na ukoo wa mama ni kama hana pa kusimama. Alikuwa ameshapoteza mimba mbili kabla ya ile, na mwenyewe alijua kupanda mlima ni hatari. Lakini alitaka kunifikisha kwa mama yake kabla hajazaa wake, ili nitangulie kupokelewa ukooni kwa ule unga na lile jina. Mtoto wa tumboni angenikuta.

"Mbona hukuniambia, mama?" nikamwuliza. Nadhani ndiyo mara ya kwanza niliacha neno "mdogo".

Aliendelea kupepeta. "Ningekwambia," akasema, "ungepanda kama mtu anayekwenda kuomba. Nilitaka upande kama mtu anayekwenda kwao."