Mpangilio Mmoja kwa Vituo Vitatu

Mwanasaumu Faki wa Mtopanga alikuwa na tabia iliyowashangaza wenzake: hakutaka kazi imtegemee yeye peke yake. Miaka ile ya tisini, mtu akikabidhiwa kompyuta aliificha kama mwari, asije mwingine akaijua.

Kampuni yao ya malori ilikuwa na vyumba vitatu vya kompyuta: Changamwe, Likoni na Kisauni. Kila kituo kilinakili kumbukumbu zake kwenye kanda, na kanda ikahifadhiwa kituo kingine. Wazo zuri, ila kila fundi alipanga mashine yake alivyojisikia. Kanda ya huku ikipelekwa kule, haisomeki! Mwanasaumu akazunguka kote, akafuta madoido yote, akaacha mpangilio mmoja. Kilichobadilika ni jina la kituo tu.

"Dada, ukishawarahisishia wote, wewe utabaki na nini?" akauliza Kefa, fundi wa Changamwe.

"Nitabaki na usingizi, ndugu yangu."

Kisha mumewe akafariki, naye akaingia eda. Kabla arubaini haijafika, hitilafu ya umeme ikaunguza mashine ya Changamwe, nayo ndiyo iliyobeba kumbukumbu za miaka ya utumishi ya madereva, wengine wakikaribia kustaafu. Mkubwa akatuma gari Mtopanga. Wifi yake, Mwanabibi, akalipokea mlangoni.

"Mwambieni bwana mkubwa, mjane havunji eda kwa ajili ya kompyuta. Wallahi hatoki!"

Ndani, Mwanasaumu aliyasikia yote. Kama mpangilio wake una kombo, wazee wale wangestaafu mikono mitupu, naye kizingiti hawezi kukivuka. Akamtuma wifi yake aseme: kanda ya Changamwe iko Likoni; Rosalia, fundi wa huko, afanye vilevile anavyofanya ya kwake.

Rosalia hakuwahi hata kuiona kazi ya Changamwe. Aliweka kanda, akaandika Changamwe pale alipozoea kuandika Likoni, akasubiri. Madereva wakatokea wote kwenye skrini, jina kwa jina.

Kesho yake Kefa alikuja mwenyewe, akasimama nje ya pazia, kofia mkononi.

"Dada, pole kwa msiba. Kila kitu kimerudi. Hatukukuhitaji."

Mwanabibi akawaka. "We mwanamume! Mfiwa huambiwa maneno kama hayo?"

Nyuma ya pazia Mwanasaumu alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja.

"Mwache, wifi. Mwambie aseme tena."