Maji Yanayokaa Kwenye Kiwiko

Nilimwona fundi wa mabomba mara ya kwanza mwaka wa 1978, akivua viatu mlangoni mwa bafu letu pale mtaani Bulla Pesa. Tulikuwa tumekaa malishoni Korbesa na mifugo miezi mingi, tukarudi tukakuta nyumba nzima inanuka choo. Mama alikuwa ameshafunga tena mizigo yake. “Hapa silali,” alisema. “Nirudishe kwa ng'ombe.” Fundi hakufungua hata kisanduku chake. Alipiga magoti, akanusa tundu la sakafuni, kisha akamwaga kopo la maji humo, polepole, kama anayemnywesha mgonjwa. Vidole vyake vilikuwa vimegandwa na rangi na nyuzi za katani za kuzibia maungio ya mabomba. Akakunja mkono, akamwonyesha mama kiwiko. “Bomba limepinda hivi, mama. Maji hukaa hapa, yanazuia harufu ya shimo. Mlipokuwa malishoni yakakauka.” Mama akanusa, akanusa tena, akaanza kufungua mizigo. Kila nilipomwita fundi baadaye alianza vilevile: viatu, magoti, pua, kopo. Siku aliyorudi kwao Meru tulikutana stendi, akaniambia, “Mkienda Korbesa, mwachie jirani ufunguo amwage maji. Mama asikute harufu tena.”