Hodi Isiyo na Sauti

Nilipokuwa kijana nililinda pampu ya maji kule Msambweni. Darasa la tatu ndiko nilikoishia, basi kazi ilinifaa. Pampu ile ilikuwa na tabia yake. Ukiiwasha asubuhi hukohoa kwanza, kisha hutapika maji ya jana yaliyolala bombani, mekundu kwa kutu. Akina mama walijua, wakiyaacha yapite. Mmoja tu, bibi harusi mgeni, aliyakinga ndoo nzima akafulia kanzu ya mumewe ya Ijumaa. Kesi yake ilikuwa ndefu, tuiache.

Nataja maji kwa sababu fundi wa kompyuta alipokuja kijijini kwetu Gazi, kwa maji ndivyo nilivyomwelewa.

Kompyuta ilikuwa ya kikundi cha wanawake wanaopanda mikoko, ofisini mwao. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa katibu wao, na humo alikuwa amejirekodi akitaja majina ya zamani ya vijito vyote vya mikokoni. Uso wake naukumbuka. Sauti ndiyo ilikuwa ikinitoka, nikiitafuta kichwani siipati. Ilibaki ndani ya kompyuta ile tu, si kwingineko.

Nayo mashine, tangu afariki, ilikataa kufunguka. Ukiiwasha, skrini nyeusi huuliza neno la siri, na kabla hujagusa kitu hujiandika: hodi. Mashine huikataa. Hodi tena. Ya tatu, hujifunga. Mke wangu alikuwa na mzaha huo, kuipigia hodi mashine kabla ya kuandika neno lenyewe. Wenziwe walipoyaona hayo waliichomoa, wakaifunika kanga.

Fundi alikuwa mtu wa bara, wa makamo, mwenye duka Ukunda.

"Shikamoo mzee. Hapa shida ni dereva wa konsoli."

Nilichungulia nyuma ya meza nimwone huyo dereva. Akacheka, akanieleza: konsoli ndiyo hiyo skrini nyeusi ya maandishi, na dereva ni kipande cha programu kinachopokea herufi na kuzipeleka kwenye skrini. Mfumo wenyewe ni wa bure, maandishi yake yako wazi, ajuaye huufungua akautengeneza.

"Basi dereva wako kalewa," nikamwambia.

"Amelewa, mzee. Tutamshusha."

Aling'oa kibodi. Hodi zikaja vilevile. Akaleta kibodi nyingine. Hodi. Akafungua maandishi ya mfumo kwenye laptopu yake, akasoma kimya mpaka adhana ya alasiri ikapita. Kisha akaguna. Dereva ana mahali herufi zinapongojea, na akiamka hupaswa kumwaga zilizosalia. Huyu alikuwa hamwagi.

"Maji ya jana," nikasema.

"Ndiyo hayo hayo." Akaandika mstari mmoja wa kumkumbusha, kwenye laptopu yake. Halafu akakunja uso. "Lakini umeme ukikatika zinafaa kufutika zenyewe. Hii imekaa bila umeme tangu lini?"

"Tangu arobaini yake. Mwaka wa pili huu."

Aliichomeka tena kibodi. "Acha niiwashe mara moja niangalie, ndiyo niweke huo mstari."

Akawasha. Hodi. Tukangoja. Hodi.

Mdomo ukanitangulia. "Karibu," nikasema.

Kwetu mtu hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa huenda zake. Lakini mtoto hufundishwa pia jambo jingine: usiseme karibu mpaka uijue sauti ya anayebisha. Usipoijua, uliza nani. Hodi ile ilikuwa herufi, haikuwa na sauti, nami niliikaribisha.

Ya tatu haikuja. Mstari ulibaki mtupu, ukipepesa. Fundi akaandika neno la siri alilopewa na kikundi, mashine ikafunguka.

"Hongera," nikamwambia. "Mstari wako umefanya kazi."

"Sijauweka bado, mzee."

Chumba kilikuwa na joto la mchana, madirisha wazi, nami nikageuka kutazama nyuma, kama niliyesimamiwa. Fundi akajikohoza.

"Sauti zenyewe hizi hapa, zote ziko. Nifungue, mama aongee?"

Kidole chake kilikuwa tayari. Miaka miwili nilikuwa nimeomba hilo tu. Lakini niliyemkaribisha sikumjua, na kama angesema kwa sauti ya mke wangu, ningejuaje ni yeye au ni mwingine, nami sauti imeshanitoka?

Nikatafuta ndara zangu mlangoni.

"Mzee?" aliniita. "Mzee, nifungue?"

Nilishika njia ya nyumbani, na ofisini mle sijatia mguu tena.