Stiki Kushoto, Batani Kulia

Mimi ni fundi redio na televisheni, hapa Ngarenaro, na kitu nisichokipenda duniani ni kazi ya kulipua. Mtu akiniletea redio ambayo fundi mwingine ameunga waya kwa plasta ya kidonda, namfokea mwenye redio, ingawa hana kosa. Nasema hivi mapema ili mtu asidhani nilichelewa kwa uvivu. Uvivu ungekuwa afadhali.

Mwaka juzi, mwezi wa Novemba, dada yangu wa Kikatiti alipata kiharusi. Kanipita miaka saba, na ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa sokoni. Nilikwenda hospitali siku ya pili. Nikafika mlangoni, nikamwona amelala, mdomo umekwenda upande, shuka limemfika kidevuni. Nikamwachia muuguzi machungwa, nikaondoka. Shemeji nilimwambia nina kazi ya mtu inanisubiri. Uongo mtupu. Niliogopa, basi.

Alipotoka hospitali tukawa tunaongea kwa simu kila Jumapili baada ya ibada. Maneno yake yalikuwa yanaburuza kidogo, lakini ni yeye yule, anaanza kwa kunitania kwamba sauti yangu imezeeka. Jumapili moja akaniambia mguu unarudi, tatizo ni mkono.

"Mkono wa kulia ndio umenigomea," akasema. "Daktari wa mazoezi anasema nisipoupa kazi kila siku, miezi hii ya mwanzo, nitaukosa."

Hapo hapo nikapata wazo, nikajiona mjanja kweli. Dada ni mashoto. Utotoni kwetu palikuwa na mashine ya gemu, ile kubwa ya kusimama, nyuma ya duka la Mhindi mmoja. Stiki ilikuwa kushoto, batani kulia, kama zilivyo zote. Wavulana walihangaika na stiki kwa mkono wa kushoto, yeye aliishika kama ameshika mwiko. Wasichana hawakutakiwa mle ndani, ila hakuna aliyethubutu kumtoa dada, maana wote walitaka kumwona akicheza. Basi nikasema namtengenezea ya kwake. Mkono wa kushoto, ulio mzima, utashika stiki. Wa kulia, ulio mgonjwa, utabonyeza batani asubuhi mpaka jioni, hadi uamke. Nilipomweleza kwamba namtengenezea mashine kama ile ya dukani, alicheka mpaka akakohoa.

"Wewe! Fanya haraka basi, mdogo wangu."

Sanduku lilinichukua wiki mbili. Mbao nilizitoa Olmotonyi, kompyuta ilikuwa chakavu ya dukani kwangu, skrini nayo hivyo hivyo. Vitu vya kushika ndivyo vilivyonimaliza. Batani za kwanza zilikuwa ngumu, nikasema kidole kigonjwa hakitaziweza. Nikaagiza nyingine, zikaja nyepesi mno, ukizigusa tu zinajibonyeza. Nikaanza kufungua kalamu za wino, natoa springi, nakata kidogo, najaribu, nakata tena. Stiki nayo niliitaka ngumu, yenye kulia ta-ta-ta kama ya zamani, kwa kuwa ni ya mkono wenye nguvu. Niliyopata ikawa legelege. Nyingine fimbo yake fupi. Nyingine mpira wake wa juu unateleza.

Nilikuwa nanunua kwa mzee mmoja wa Kisingasinga, muuza vifaa vya umeme mjini. Mara ya nne nilipomrudishia stiki, alivua miwani akanitazama.

"Mwanangu, huyo dada yako ameishika hii akasema hapana?"

"Mzee, mkono wa dada yangu naufahamu. Nimekula nao sahani moja."

"Basi mpelekee ashike," akasema.

Nilikasirika, acha! Mtu hajawahi kushika bisibisi ananifundisha kazi. Wiki tatu sikukanyaga pale. Kumbe alichoniambia ni safari ya saa moja tu, na ndiyo safari niliyokuwa naikwepa. Kila batani mpya ilikuwa kisingizio kipya cha kutokwenda kuuona ule mdomo uliokwenda upande. Ikapita Krismasi, ikapita Pasaka, masika yakaanza yakaisha.

Mwisho wa Julai, baridi kali, Meru haionekani kwa mawingu, nikaipakia mashine kwenye pikapu ya jirani nikaenda. Dada alikuwa kwenye kochi, kajifunika kanga mapajani. Mdomo ulikuwa umesharudi. Uso ulikuwa ule ule niliouzoea, nikaona aibu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umenenepa. Lete hicho kitu nikione."

Nikakiweka mbele yake, nikawasha. Akainua mkono wa kulia bila shida yoyote, akabonyeza batani zote sita, moja baada ya nyingine. Nikafurahi, nikasema kumbe mkono umepona. Nikangoja ashike stiki. Hakushika.

"Shika stiki, dada."

"Kwa mkono upi?"

"Huo wa kushoto. Si ulisema wa kulia ndio ulikuwa mgonjwa?"

"Wa kulia, ndiyo," akasema. "Wa kulia chakula. Umesahau, wewe?"

Mungu wangu. Ndipo nikakumbuka. Darasa la kwanza mwalimu aliwaambia wanyooshe mkono wa kulia, yeye akanyoosha wa kushoto. Alipoulizwa akajibu, "Huu ndio ninaolia ugali." Alichapwa. Nyumbani sisi tulicheka miaka na miaka, na kwetu ukitaja mkono wa kulia wa dada, kila mtu alijua ni ule wa kushoto. Tena mimi ndiye niliyemtania kuliko wote. Dada aliniongelesha Kiswahili cha nyumbani kwetu, mimi nikasikia cha watu wengine. Sasa stiki yangu ngumu ilikuwa imesimama mbele ya mkono uliokufa, na batani zangu laini, zenye springi za kalamu, zilikuwa mbele ya mkono mzima.

"Naigeuza," nikasema. "Sasa hivi. Stiki nahamishia huku, batani kule, nusu saa tu." Nilikuwa naongea haraka haraka huku nikipapasa mfukoni kutafuta bisibisi.

"Geuza tu," akasema. "Ila vile vidole viwili havipo tena."

"Vidole gani?"

"Mpaka Pasaka vidole viwili vilikuwa vinacheza. Daktari wa mazoezi alinipa kampira nikabane, nikamwambia hako sikataki, mdogo wangu ananiletea kitu. Kila nikienda ananiuliza, kimefika? Namwambia bado, yule ni fundi, halipui kazi. Baadaye vikalala, nami nikaacha kwenda."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema akinisifu, na hilo ndilo lililonikata maini. Miezi yote ile alikuwa ananingoja mimi, akinitetea kwa watu, na mimi nilikuwa nimekaa dukani nakata springi.

"Ungeniambia, dada."

"Ningekwambia nini? Ungekuja tu, ungeona."

Akageukia skrini, ambako gemu lilikuwa limeanza kujicheza lenyewe kama zinavyofanya zisipoguswa, akawa analitazama na tabasamu dogo. Mimi nikapiga magoti pembeni ya kochi. Nikaingiza mikono chini ya kanga, nikaushika ule mkono wake. Nilikuwa sijaushika tangu augue. Ulikuwa wa baridi, mzito, vidole vimejikunja. Nikaubana kwa mikono yangu miwili, nikaubana kwa nguvu zote nilizonazo, machozi yananitoka, nangoja hata kidole kimoja kinijibu.

Dada hakuondoa macho kwenye skrini.

"Hebu inuka huko chini," akasema. "Unatafuta nini, umeangusha skrubu?"