Mchezo Tuliomsomea Dadima

Enzi zetu pale Jinja, mtoto akisema anakwenda kucheza ujue anakwenda kutoka jasho. Tulicheza kwepena, kukwepa mpira wa matambara, mpaka mbavu zikauma, tukapiga dulu, gololi zetu, kwenye vumbi la kota za magereza, tukarudi nyumbani tumefanana na mihogo iliyong'olewa sasa hivi. Mama alisimama mlangoni na beseni la maji: "Wenye vumbi la nje walale nje." Watoto wa leo wanacheza wamelala kitandani, kinachochoka ni kidole gumba tu. Nawacheka, lakini siwacheki sana, maana mwaka ule niliokuwa darasa la sita, na mimi niliziacha dulu zangu nikaenda kukaa mbele ya televisheni ya watu.

Baba alikuwa askari magereza, Mteso kwa kabila. Mama alikuwa Mgisu wa Mbale. Kiswahili ndicho walichooania, na sisi watoto tuliombwa chumvi na kuchapwa kwa hichohicho. Shuleni wenzangu walinicheka. Hiyo lugha ya wanajeshi, walisema, wazazi wao wakiisikia hufunga mlango. Sikudhani ingenipatia rafiki, mpaka familia ya Zarina iliporudi mjini.

Walikuwa Wahindi Waislamu, katika wale waliofukuzwa nchini zamani. Walirudishiwa nyumba yao yenye baraza pana, baba yake akafungua tena duka la misumari na mabati. Zarina aliwekwa dawati moja nami. Nyumbani kwao alikuwepo bibi yake mzaa baba, wote tukimwita Dadima. Alizaliwa Jinja, akaishi Uingereza miaka mingi asiyoipenda, na Kiingereza kilikuwa kimemkataa. Kiswahili hakikumtoka. "Kule sikuwa na mtu wa kusema naye," aliniambia siku ya kwanza, akinisogezea sahani ya chapati na chai ya tangawizi. "Nasema na paka tu. Paka mzungu, hajibu."

Zarina alikuwa amekuja na mashine ya michezo, na kaseti moja ikatuteka. Ulikuwa mchezo wa Kijapani, wa tatu katika mfululizo ambao mpaka leo unaendelea kutoka. Binti wa mhunzi anatembea nchi nzima kumtafuta kaka yake aliyechukuliwa na jeshi. Njiani anapata wenzake watatu, kila mmoja na msiba wake. Hakuna sauti za watu, maneno yote yameandikwa kwa Kiingereza chini ya picha, mengi kama gazeti. Zarina alishika pedi ya kuchezea, mimi nikawa msomaji. Siku moja Dadima akauliza kutoka kitini pake, "Wanasema nini hao?" Nikamtafsiria. Tangu hapo kila alasiri alikaa nasi, shali mabegani, miguu yake yenye ugonjwa wa sukari juu ya kigoda.

Niseme haki ya mchezo ule. Ulijua kuhadithia. Adui wa leo ungekuta kesho ana mtoto mgonjwa, ukashindwa kumchukia. Muziki wa kijiji cha kwanza bado naupiga kwa mluzi nikipika. Na hakuna aliyekupa nguvu bure: ulipigwa, ukajifunza, ukarudi.

Lakini ulikuwa na maudhi yake. Kila hatua tano mdudu anakurukia, yuleyule, mnapigana vilevile.

"Mdudu huyu tena?" Dadima alilalamika. "Jana si tulimuua?"

"Huyu ni ndugu yake, Dadima."

"Basi wana ukoo mkubwa."

Wanakijiji nao walirudia sentensi moja hata uwasalimu mara kumi. Na ulikuwa mrefu kupita kiasi. Ukidhani umefika, unaambiwa kuna jumba lingine ng'ambo ya bahari. La kuudhi zaidi ni kwamba ulitoa nafasi moja tu ya kuhifadhi safari yako. Anayeanza upya na kuhifadhi amefuta ya mwenzake.

Tulicheza muhula mzima. Tukafika ngome ya mwisho. Zarina alikadiria alasiri tatu zimebaki, labda nne. Dadima hakuuliza habari nyingine. Nikiingia tu mlangoni: "Leo atampata kaka yake?"

Ijumaa ya wiki hiyo wakaja binamu za Zarina kutoka Kampala, wasichana wawili wenye viatu vyeupe. Mmoja akaniangalia miguu, akauliza mimi ni nani. Zarina akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka kupendwa, akasema, "Ni mtoto wa jela. Anatusomea."

Nilirudi kota na maneno hayo yakitembea nami. Mtoto wa jela. Anatusomea. Kama vile nilikuwa redio.

Jumatatu nilikwenda kama kawaida. Mama yake akamwita Zarina jikoni kusukuma chapati, na Dadima alikuwa chumbani kwake akiswali. Nikashika pedi. Nikachagua kuanza upya, nikamtembeza binti wa mhunzi mpaka kisimani, mahali pa kuhifadhi. Mashine yenyewe iliniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo.

Zarina aliporudi nikamwambia umeme ulikatika ukarudi, na mchezo umejifuta. Nani angebisha? Jinja tulikaa kando ya bwawa la umeme na bado taa zilikuwa zinatuzimikia. Zarina alilia mpaka akapata kwikwi. Baba yake akawalaani watu wa umeme kwa Kigujarati. Nilikuwa nimengoja raha ya kisasi, nayo haikuja. Dadima ndiye aliyekuwa mtulivu.

"Hapana neno," alisema. "Tuanze tena. Mwanzo mimi nimeshasahau."

Tukaanza tena. Lakini mara ya pili mdudu alikuwa mdudu tu. Zarina alibonyeza haraka kuyapita maneno tuliyoyajua, Dadima akimzuia: "Pole pole, mama. Acha asome." Siku nyingine alisinzia katikati ya vita. Kisha kidonda kikamtoka mguuni, akapelekwa Kampala, akarudi hawezi kusimama bila kushikwa. Hatukuwa tumefika hata nusu ya safari.

Mara ngapi nilitaka kumwambia? Nilimwambia baba badala yake, nusu nusu, kwamba kuna mtu nimemkosea. Alikuwa anapiga kiatu rangi. "Kosa ni kama mfungwa," alisema. "Ukimficha nyumbani kwako, mnafungwa wote wawili." Nilikusudia kusema Jumamosi. Alhamisi ikafika barua ya uhamisho, tunahamia Mbale, na kesho yake asubuhi lori la magereza likapakia vitanda vyetu.

Nilikimbia kuaga. Dadima alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ukifika mwisho wa ile hadithi, niandikie. Kwa Kiswahili." Zarina alinipa biskuti kwenye mfuko. Nikasema ndiyo, nikasema asante. La muhimu sikusema.

Mbale tulikaa Malukhu. Mama alifurahi, alikuwa amerudi kwao, akatupikia malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa karanga mpaka tukaomba maharage. Mimi nilitafuta kaseti. Fundi redio mmoja, Bwana Wafula, alikuwa na mashine kama ile ya Zarina nyuma ya karakana yake, vijana wakienda hapo kupigana ngumi za kwenye kioo. Katika sanduku lake nikauona mchezo wetu, una vumbi. "Huo wanaukataa," alisema. "Maneno mengi." Akaniruhusu kuucheza asubuhi kabla wateja hawajaja, mradi nimfagilie. Likizo yote nilikwenda. Nilimuua kila ndugu wa yule mdudu.

Na mwisho wake ulikuwa mfupi, wa haraka, kama waandishi wenyewe walikuwa wamechoka. Kaka yuko hai, lakini hamkumbuki dada yake. Wanakunywa maji kisimani, anamuuliza jina, basi. Yakaanza kupanda majina ya Wajapani. Nililia mbele ya Bwana Wafula, akadhani nimeshindwa.

Niliandika barua kurasa nne. Ukurasa wa tano niliandika kuhusu ile Jumatatu. Nikausoma, nikauchana, nikatuma zile nne.

Jibu liliandikwa na Zarina. Dadima alikuwa amefariki wiki ya tatu baada ya sisi kuondoka. "Siku za mwisho alikuwa anauliza kama yule dada amempata kaka yake. Nikamwambia bado."

Sikumjibu. Nilikua, nikaolewa, nikazaa. Mwaka jana nilimkuta mwanangu anacheza toleo jipya la mfululizo uleule, picha safi kama sinema, watu wanazungumza kwa sauti zao. Anabonyeza kuruka kila neno. "Mama, mazungumzo yanachelewesha," akaniambia. Wiki hiyohiyo nilipanda basi kwenda Jinja.

Zarina yuko dukani kwa baba yake, ana miwani na mvi mbili tatu. Nilimwambia yote nimesimama kaunta, kabla hajaniagizia chai. Mteja akaja akataka misumari, Zarina akampimia, mteja akaenda.

"Tulibakiza siku tatu," akasema.

"Najua."

"Angesikia mwisho."

"Najua, Zarina."

Alifuta kaunta iliyokuwa safi. "Mtoto wa jela," akasema taratibu. "Sikumbuki kulisema. Lakini ninajijua, nililisema." Akavuta stuli, nikakaa. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme.

Rika langu tunapenda kusema watoto wa siku hizi hawana subira, wanagombana kwenye simu na watu wasiowahi kuwaona, wanafutana, yanaisha. Sisi, tunasema, tulionana uso kwa uso, tukamaliza mambo yetu. Nasikia wenzangu wakisema hivyo kwenye harusi na matanga, nami huitikia kwa kichwa. Lakini nilikuwa na alasiri nyingi katika baraza ile, bibi wa watu amekaa hatua mbili kutoka kwangu, ananisikiliza kuliko mwalimu yeyote alivyowahi kunisikiliza. Nilimsomea kila neno lililoandikwa kwenye kioo. La kwangu sikumwambia.