Winchi na Mkojo wa Rangi ya Kahawa

Ghala la saruji lilikuwa na sheria ambayo bosi hakuiandika: anayekunywa maji kabla lori halijaisha kupakuliwa huitwa "bwana harusi", na huzomewa mpaka jioni. Winchi, mpakuzi kwa miaka kumi na minane sasa, hakuwahi kuzomewa. Jina alilipata kwa kubeba mifuko miwili kwa mpigo huku akipiga mluzi.

Siku hiyo bati la ghala liliwaka kama kikaango, na malori yalikuwa matatu. Kwenye la tatu jasho likamkauka Winchi. Yeye akahesabu ni ushindi: mwili umesalimu amri. Kisha akili ikamvurugika, akamwita msimamizi "shangazi", akaenda chini pamoja na mifuko yake.

Wenzake wakammwagia ndoo za maji na kumpepea kwa maboksi mpaka akazinduka, mapaja yamekaza kama mbao. Alipojikokota msalani, mkojo ukatoka rangi ya kahawa.

"Uchovu huo unatoka, kaka," mpakuzi mwenzake alimhakikishia. "Nenda kalale."

Winchi aliamini mara moja, kama mtu anavyoamini habari inayomwachia usingizi. Nyumbani mkewe, fundi wa kufua nguo za watu, hakuamini. Aliiona suruali yenye doa la kahawia.

"Baba watoto, hii nini?"

"Uchovu, mke wangu."

"Tangu lini uchovu una rangi? Vaa viatu!"

Hospitalini daktari, binti mdogo kuliko mabuti ya Winchi, hakumung'unya maneno. "Mzee, joto limekupika kwa ndani. Misuli imevunjika, na takataka zake zinaziba figo. Tunakujaza dripu. Ukikojoa vizuri, umepona. Usipokojoa, tunakuunga kwenye mashine ya kusafisha damu."

"Mimi? Mashine?"

"Wewe."

Mkewe akaikamata chupa ya kupimia mkojo, akailinda kama sanduku la kura. Siku ya kwanza ilipata vijiko vitatu vya mkojo mweusi. Ya pili, nusu kikombe. Winchi, aliyezoea kuinua kilo mia, sasa alikunja uso kusukuma matone.

Siku ya tatu asubuhi chupa ilijaa, ikaletwa nyingine, nayo ikajaa, mkojo mwepesi wa njano. Mkewe aliizungusha wodi nzima, kila kitanda kione.

Daktari akasoma vipimo, akatabasamu. "Figo zimeamka. Mashine haituhusu."

"Kazini narudi lini, mwanangu?"

"Miezi miwili. Ukibishana, mitatu."

Winchi alifungua mdomo. Mkewe akamkazia macho.

"Miwili inatosha," Winchi akasema.